Wanawake, wanaume na vita katika Ayalandi ya karne ya 18: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ninapomweleza mtu ninachosoma, maswali huwa yale yale. Nimeyakusanya hapa. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yananigusa, mengine kwa mistari michache kwa sababu hayahitaji zaidi.

Kwani vita na jinsia vinakutana wapi? Vita si habari ya wanaume na bunduki?

Ndivyo tulivyofundishwa: majemadari, mapigano, tarehe. Lakini chukua sheria moja tu. Mwaka 1695 Bunge la Dublin, lililokuwa la Waprotestanti, lilipitisha sheria ya kuwanyang'anya Wakatoliki silaha. Ndani ya sheria hiyo hiyo likaweka kwamba Mkatoliki asiwe na farasi wa thamani ya zaidi ya pauni 5. Mprotestanti akimjia na pauni 5 na shilingi 5 mkononi, farasi ni wake.

Sasa fikiria. Kwa bwana wa wakati ule, upanga kiunoni na farasi mzuri ndivyo vilivyomtambulisha mbele ya watu kuwa ni mwanamume mwenye nafasi yake. Ukimvua hivyo viwili, hujampunguzia mali tu, umemwambia yeye si mwanamume kamili. Kwa hiyo sheria ya silaha ilikuwa pia sheria ya uanaume. Na mwanamume akishushwa hadharani namna hiyo, mkewe, mama yake na binti zake nao hawabaki kama walivyokuwa. Mtafiti wa jinsia anaanzia hapo, kabla hata risasi haijalia.

Ayalandi ilikuwa inapigana na nani?

Karne hii imekaa kati ya vita viwili. Cha kwanza kilikwisha kwa Mkataba wa Limerick wa Oktoba 1691, ambapo jeshi la Wakatoliki waliomuunga mkono Mfalme James wa Pili lilisalimu amri mbele ya jeshi la Mfalme William, Mprotestanti aliyempindua James. Cha pili ni uasi wa 1798, uliolenga kuung'oa utawala wa Uingereza nchini kwa msaada wa Ufaransa. Katikati watu husema palikuwa na amani. Amani gani? Nchi ilikuwa imejaa kambi, vijana wake walikuwa wakifa katika majeshi ya Ufaransa, Hispania, Austria na Uingereza yenyewe, na vijijini usiku haukuwa wa kulala.

Wanawake walikuwa wapi mambo yalipoanza?

Ukutani. Agosti 1690, askari wa William walipopenya ufa wa ukuta wa Limerick, wanawake wa mji walijitosa na kuwatupia mawe na chupa. Habari hiyo hata upande wa maadui waliiandika.

Mwaka uliofuata, baada ya mkataba, askari wapatao 14,000 walichagua kwenda Ufaransa na jemadari wao Patrick Sarsfield. Kundi hili ndilo lililokuja kuitwa Mabata Bukini wa Mwituni (Wild Geese). Waliahidiwa kuondoka na wake na watoto wao. Bandarini Cork, Desemba, mashua hazikutosha. Simulizi za wakati ule zinasema wanawake walijitosa majini wakazishika kamba na kingo za mashua, na wengine vidole vyao vikakatwa ili waachie. Wengi waliobaki ufukweni hawakuwaona tena waume zao. Waliofanikiwa kuvuka hawakuwa salama sana nao: wajane wa askari hao walijazana Saint-Germain karibu na Paris, kwenye makao ya mfalme aliyepinduliwa, wakiishi kwa kuandika barua za kuomba msaada.

Ni nani yule mtu aliyeuawa kwa ajili ya farasi wa pauni 5?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote.

Art Ó Laoghaire alikuwa Mkatoliki wa Kaunti ya Cork. Kama vijana wengi wa tabaka lake, alikwenda kutafuta cheo ng'ambo, akawa kapteni wa wapanda farasi wa Hungaria katika jeshi la Malkia Maria Theresa wa Austria. Alirudi na upanga wake na majivuno ya askari. Mwaka 1767 alimwoa Eibhlín Dubh Ní Chonaill wa ukoo wa O'Connell wa Derrynane, ndoa ambayo ndugu wa bibi hawakuiridhia. Inasimuliwa kwamba farasi wa Art alimshinda mbioni farasi wa Abraham Morris, Mprotestanti mwenye madaraka katika kaunti ile, na Morris akadai auziwe kwa zile pauni 5 za sheria. Art alikataa. Tarehe 4 Mei 1773 askari walimpiga risasi mahali paitwapo Carraig an Ime. Alikuwa na miaka ishirini na kitu.

Farasi alirudi nyumbani peke yake, hatamu zikiburuta chini, damu imemtapakaa hadi kwenye tandiko. Katika maombolezo yake Eibhlín anasimulia kwamba aliruka mara tatu: mara ya kwanza hadi kizingitini, ya pili hadi langoni, ya tatu akawa mgongoni mwa yule farasi. Alimkuta mumewe amelala kando ya kichaka kifupi cha miiba. Hapakuwa na padri wala msomaji wa zaburi, ila bibi kizee mmoja aliyekuwa amemfunika kwa joho lake. Damu ilikuwa bado inatoka. Eibhlín anasema hakungoja kuifuta. Aliikinga kwa viganja akainywa.

Aliyewahi kukaa msibani akamsikia mama akimlilia maiti kwa maneno yaliyopangika, anamsifu marehemu, papo hapo anawachoma walio hai, hatahitaji maelezo marefu hapa. Kwa Kiayalandi mwanamke mwenye kazi hiyo aliitwa bean chaointe. Viongozi wa Kanisa Katoliki walijaribu mara kwa mara kuwakataza, na watu hawakuwasikiliza. Ndani ya shairi la Eibhlín mna mapenzi, mna hesabu ya viatu na soksi na kofia alizokuwa akivaa mumewe, mna ugomvi na wifi yake aliyemsema kwamba alikwenda kulala usiku wa mkesha, na mna laana kwa Morris kwa jina lake. Mahakama ilimwachia Morris huru mwaka ule ule. Shairi halikumwachia.

Utaona sasa kwa nini mtafiti wa vita hawezi kuliacha shairi hili kwa wanafunzi wa fasihi peke yao. Mwanamume alikuwa amekatazwa kuwa askari nchini mwake, akaenda kuwa askari ugenini, akarudi akauawa kwa sababu alikataa kuishi kama asiye askari. Na aliyeshika ushahidi wa kesi hiyo ni mkewe, kwa ulimi. Shairi liliishi midomoni mwa wanawake wasiojua kusoma hadi lilipoandikwa miaka mingi baadaye kutoka kwa mlizi mmoja, Nóra Ní Shíndile.

Je, wako wanawake waliovaa sare wakapigana kama wanaume?

Wako. Anayejulikana zaidi ni Christian Davies wa Dublin, aliyezaliwa 1667. Alikuwa na kilabu cha pombe alichorithi kwa shangazi yake. Mumewe Richard Welsh alipotea. Baadaye ikaja barua kwamba alileweshwa akajikuta melini, askari, njiani kwenda Flanders. Christian akawaacha watoto kwa watu, akakata nywele, akavaa suti ya mumewe na kizibao kilichoshonwa kwa pamba ili kuficha kifua, akajiandikisha jeshini amfuate. Alipigana kwa miaka, akampata mume baada ya vita vya Blenheim vya 1704, na siri yake haikufichuka hadi alipovunjika fuvu la kichwa katika vita vya Ramillies mwaka 1706 na madaktari wakamfungua nguo.

Baada ya hapo alibaki na jeshi kama mpishi na mwuza vyakula. Malkia Anne alimpa pensheni ya shilingi moja kwa siku, na alipofariki 1739 alizikwa kwa heshima za kijeshi huko Chelsea, London. Kitabu cha maisha yake kilitoka mwaka uliofuata na kimetiwa chumvi ya kutosha. Lakini pensheni haina chumvi.

Kinachonivutia mimi si suruali aliyovaa. Ni kwamba baada ya kugundulika hakufukuzwa. Jeshi la wakati ule lilikuwa limejaa wanawake wanaofua, wanaopika, wanaouguza na kuuza pombe, na halikuweza kwenda bila wao. Alitoka kazi moja akaingia nyingine, kambi ile ile.

Na wanaume waliovaa nguo za kike?

Nao wako, na wanasahauliwa. Kuanzia 1761 katika Kaunti ya Tipperary na jirani zake, wakulima walitoka usiku kubomoa uzio uliowekwa kwenye malisho ya jumuiya na kupinga kodi ya zaka ya Kanisa la Kianglikana. Waliitwa Vijana Weupe kwa sababu ya mashati meupe waliyovaa juu ya nguo zao, ambayo watu waliyafananisha na magauni ya kike. Barua zao za vitisho walizitia jina la malkia wa kubuni, Sadhbh, na wenyewe wakajiita watoto wake.

Nguo ilificha sura, hiyo ni kweli. Ila kulikuwa na zaidi: mama akidai chakula cha wanawe ana haki ambayo hakuna hakimu anayeweza kuikana kirahisi. Wanaume hawa waliikopa haki hiyo.

Maisha ya mke wa askari yalikuwaje?

Tangu 1699 serikali iliweka Ayalandi jeshi la kudumu la watu 12,000, na mwaka 1769 likaongezwa kupita 15,000. Lililipiwa na walipakodi wa Ayalandi na lilikaa kwenye kambi zilizotapakaa nchi nzima. Kubwa kuliko zote ni Royal Barracks ya Dublin, ya mwanzoni mwa karne, ambayo leo ni sehemu ya Makumbusho ya Taifa. Ukisimama kwenye uwanja wake wa mawe utaelewa ukubwa wa jambo lenyewe.

Ruhusa ya kuoa ilitolewa kwa wachache. Wake waliotambuliwa waliishi ndani ya chumba kile kile cha askari wote, kitanda pembeni, pazia au blanketi limening'inizwa, humo humo wakijifungua. Walilipwa kwa kufua. Kikosi kilipoamriwa kwenda ng'ambo, wake wachache tu waliruhusiwa kupanda meli, mara nyingi kwa bahati nasibu. Aliyekosa aliachwa bandarini na watoto, mbali na kwao, bila mshahara wala mume.

Hofu hiyo ilikuwepo mwaka 1793 serikali ilipoanzisha jeshi la mgambo na kuandikisha wanaume kwa bahati nasibu. Watu waliamini waume na wana wao watapelekwa ng'ambo wasirudi, na kwamba nyumba itakufa njaa. Nchi ililipuka. Ndani ya takribani wiki 8 zaidi ya watu 200 waliuawa. Serikali ililazimika kufikiria posho ya familia za wanamgambo, jambo ambalo haikulitilia maanani mwanzoni. Hapa uchumi wa jikoni ulibadilisha sera ya vita, na vitabu vingi vya vita hulipita jambo hili haraka haraka.

Vikosi vya Kujitolea vya 1778, vile vya raia waliojiunga wenyewe kuilinda nchi, vilikuwa na nafasi ya wanawake?

Ndani ya safu, hapana. Lakini hao mabwana waliojinunulia sare na kuandamana College Green, Dublin, tarehe 4 Novemba 1779 wakidai biashara huru, walishonewa bendera na wanawake, wakakabidhiwa bendera hizo na wanawake, na wakatazamwa nao kutoka madirishani. Kisha mgomo wao wa kutonunua vitambaa vya Uingereza ulitegemea nani? Anayenunua nguo za nyumba nzima. Bibi aliyevaa kitambaa cha nyumbani alihesabiwa mzalendo sawasawa na mumewe mwenye bunduki, angalau kwa muda ule.

Mwaka 1798 wanawake walipigana kweli, au ni hadithi za baadaye?

Vyote viwili, na inabidi kuvitenganisha kwa uangalifu.

Tuanze na lililo imara. Tarehe 5 Juni 1798 waasi waliuvamia mji wa New Ross, Kaunti ya Wexford. Walikuwa na mikuki mingi na risasi chache. Thomas Cloney, mmoja wa viongozi wao aliyekuwepo, aliandika baadaye habari za Mary Doyle wa Castleboro. Mwanamke huyu alikuwa na mundu mdogo. Alikuwa akipita katikati ya askari wa serikali walioanguka, anakata mikanda yao ya ngozi, anachukua mikoba ya risasi na kuwarushia wenzake. Mapigano hayakuwa yamekwisha. Alifanya hivyo risasi zikipita. Waasi waliposhindwa na kuanza kurudi nyuma, walitaka kuutelekeza mzinga mmoja. Mary akaukalia. Akasema hatoki bila huo mzinga wake mpenzi. Wanaume, waliochoka na wenye majeraha, wakarudi wakaukokota.

Tazama ule mundu. Ni kifaa cha kukatia miti ya uzio na kuni. Hakupewa silaha na mtu, alitoka na kile ambacho mkono wake ulikizoea.

Betsy Gray wa Kaunti ya Down ni jambo jingine. Inaelezwa aliuawa na wanamgambo wa kifalme akikimbia kutoka Ballynahinch, Juni 13, pamoja na kaka yake na mchumba wake. Kwamba aliuawa, wengi wanakubali. Kwamba alikuwa juu ya farasi mweupe na upanga na nguo ya kijani, hayo yaliongezwa na karne ya 19 iliyotaka shujaa mrembo. Jiwe la kumbukumbu lililowekwa kaburini kwake mwaka 1896 lilivunjwavunjwa miaka miwili baadaye katika mabishano ya maadhimisho. Miaka 100 baada ya kufa, bado walikuwa wakimgombania.

Na kuna wale wasio na majina. Juu ya Vinegar Hill, tarehe 21 Juni, katika umati wa waasi wapatao 20,000 walikuwemo wanawake na watoto wengi, kwa sababu vijiji vyao vilikuwa vimechomwa na hawakuwa na pengine pa kwenda. Jeshi lilipopiga mizinga kuelekea mlimani, halikuchagua.

Vipi kuhusu ubakaji na ukatili dhidi ya wanawake?

Ulikuwepo, na nyaraka husema kwa mafumbo. Kabla ya uasi, askari waliwekwa kwenye nyumba za watu kwa nguvu ili wale na kulala humo bure hadi silaha zitolewe. Nyumba iliyokimbiwa na wanaume ilibaki na mama, mabinti na askari. Hata utepe wa kijani, rangi ya waasi, kwenye nguo ya msichana ulitosha kumvunjia heshima njiani. James Gordon, kasisi wa Kianglikana aliyeandika historia ya uasi huo mwaka 1801 na ambaye hakuwa upande wa waasi, alikiri kwamba waasi kwa jumla hawakuwaingilia wanawake, na hakuweza kusema hivyo kuhusu askari wa serikali.

Lakini heshima hiyo haikuwaokoa wote. Scullabogue, siku ile ile ya New Ross, waasi waliteketeza ghala lenye mateka zaidi ya 100 waliodhaniwa wa upande wa serikali, wanawake na watoto wakiwemo. Siwezi kuandika habari za Mary Doyle nikanyamazia ghala lile. Ni kaunti moja, ni siku moja.

Kulikuwa na wanawake wasiokuwa upande wowote?

Wakweka, Wakristo wa dhehebu la Marafiki (Quakers). Dinah Goff alikuwa msichana wa miaka 14 hivi huko Horetown, Wexford. Dini yao iliwakataza kushika silaha, hivyo nyumba yao haikuwa na bunduki hata moja. Waasi walikuja kwa mamia wakitaka chakula, wakalishwa. Askari wakaja baadaye, wakalishwa nao. Kumbukumbu alizoandika uzeeni zimejaa mkate, jibini na hofu.

Kwa nini Ayalandi yenyewe huchorwa kama mwanamke?

Washairi wa Kiayalandi walikuwa na mtindo uitwao aisling, yaani njozi: mshairi amelala, anatokewa na mwanamke mrembo mno anayelia kwa kuwa mume wake halali, mfalme wa Kikatoliki, yuko ng'ambo. Aogán Ó Rathaille aliukamilisha mwanzoni mwa karne. Eoghan Rua Ó Súilleabháin aliuimba pia, na mshairi huyo huyo aliyemlilia bibi Ayalandi alikuwemo katika jeshi la majini la Uingereza kwenye vita vya Aprili 1782 huko Karibi, na akamtungia sifa admirali wake. Njaa haina njozi.

Mimi nina shaka na bibi huyu wa njozi. Analia, anangoja, hafanyi kitu. Mwanamke halisi wa kijiji hakungoja mtu, alikuwa akisokota nyuzi za kitani ili kodi ipatikane.

Tunayajuaje haya, ikiwa wengi wao hawakujua kuandika?

Kwa karatasi zilizoandikwa kwa madhumuni mengine: maombi ya wajane, madai ya fidia ya walioitwa waaminifu kwa serikali baada ya 1798, hukumu za mahakama za kijeshi, ripoti za wapelelezi. Mjane anayedai fidia ya nyumba iliyochomwa ataorodhesha ng'ombe, magodoro, gurudumu la kusokotea, na bila kukusudia anakuonyesha chumba chake. Hasara ni kubwa: tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, jumba la kumbukumbu za taifa Dublin liliungua na karne nyingi za nyaraka. Majalada ya uasi wa 1798 yalinusurika kwa sababu yalikuwa yamehifadhiwa kwingine. Tangu 2022 wanahistoria wameweka mtandaoni hazina ya nakala na mabaki yaliyokusanywa kutoka kila pembe, na yeyote mwenye simu anaweza kuingia bure.

Nikitaka kumfuata mtu mmoja tu, nimfuate nani?

Mary Ann McCracken wa Belfast, aliyezaliwa 1770. Yeye na dada yake waliendesha biashara ya kitambaa cha melimeli. Machi 1797, kaka yake Henry Joy akiwa kifungoni katika gereza la Kilmainham, Dublin, alimwandikia barua akisema umefika wakati wanawake nao wavunje minyororo ya akili waliyofungwa kwa muda mrefu, na kwamba vyama vya wanawake peke yao havimridhishi. Angependa wanawake na wanaume wakae pamoja, kwa sababu haoni sababu ya kutengwa.

Mwaka uliofuata Henry Joy aliongoza waasi Antrim, akakamatwa, na tarehe 17 Julai 1798 akanyongwa mjini kwao. Mary Ann alimshika mkono akatembea naye hadi kwenye mti. Mwili ulipoteremshwa alikuwa amemwita daktari ajaribu kumrudishia pumzi. Haikuwezekana. Baadaye aligundua kwamba kaka yake ameacha binti wa nje ya ndoa, Maria. Ndugu wengine hawakufurahi. Mary Ann alimchukua akamlea, na uzeeni ni Maria aliyemtunza yeye.

Aliishi hadi 1866. Akiwa na umri unaokaribia miaka 90 alikuwa bado anateremka bandarini Belfast, anasimama penye meli za Marekani na kuwagawia abiria karatasi za kupinga utumwa.